Kijaluba cha Poda na Nyuzi Saba

Niliyoyasikia nayatoa kama nilivyoyapokea, na palipopinda si mimi niliyepapinda.

Palikuwa na mji ukiitwa Kasbarani, wenye malango saba na soko moja, na aliyeutawala ni Sultani Mudhafari bin Numani, mtu mwenye hazina na majeshi na ndevu zilizofika kifuani, lakini katika yote aliyoruzukiwa hakupata mtoto ila binti mmoja, naye akamwita Jauhara. Siku ya akika yake wakaalikwa wakubwa kwa wadogo, wakaja wafalme na mashekhe na wapiga zumari, na mlangoni akafika mgeni mmoja asiyeonekana, akapiga hodi mara tatu, na bawabu akatazama kushoto akatazama kulia, asione mtu, akafunga mlango. Mgeni yule alikuwa Jini Samumi, bwana wa pepo za moto, ambaye tangu kuumbwa kwake hapana aliyepata kumwona uso.

Basi Samumi akaingia dirishani, mapazia yakapepea, na sauti ikasema juu ya susu ya mtoto, "Hamkunijua mlangoni kwenu, na huyu naye hamtamjua. Naapa kwa uso wake, kila atakayeutazama ataona uso wa mgeni, na akigeuka atausahau!"

Na tangu saa ile nyumba ya Sultani ikawa nyumba ya kuulizana. Sultani akimtazama binti yake husema, "Mtoto wa nani huyu, na mama yake yuko wapi?" na akiambiwa ni wake huona haya, akampakata, akageuka kuchukua tende, na akirudi husema tena, "Mtoto wa nani huyu?" Hata siku moja yaya wa mtoto, Bibi Tufaha, alipokuwa akimwogesha, akampaka poda usoni kwa kumchezea, na Sultani aliyekuwa akipita akalia machozi, akasema, "Jauhara wangu!" Ndipo wakafahamu kwamba jini aliapia uso, hakuapia poda. Wakaifanya siri ya watu watatu, na poda ikatiwa katika kasiki kubwa la udongo linalobebwa na watu wanne, na Jauhara akakua kando ya kasiki lile, kwa kuwa akienda mbali nalo hajulikani.

Alipotimiza miaka ishirini ikamfikia siku ya kutajwa. Sheria ya Kasbarani ni kwamba mrithi wa kiti huyapita malango saba kwa miguu, peke yake, mkono wa kushoto ameshika fimbo ya ufalme asiyoruhusiwa kuiweka chini, na hapana mtumishi wa kumkaribia kwa hatua kumi. Na katika kila lango watu humtazama uso wakamtaja jina, na lango moja likikosa kumtaja, kiti humtoka. Kingekwenda kwa binamu yake, Amiri Ghadhanfari, aliyekwisha kusema hadharani kwamba soko la Kasbarani atalifanya zizi la farasi wake.

Sultani akamwita Khelefu bin Nasibu, sonara wa Lango la Saba, akamwambia, "Ewe sonara, nataka chombo cha kuchukulia poda ya uso. Kienee kiganjani. Kifunguke kwa mkono mmoja, kisimwage hata chembe, kitoe poda ya kutosha uso mmoja, isipungue wala isizidi, na mwenye nacho awe amekwisha kujipaka kabla mtu hajameza mate. Una siku nane. Ukishindwa hutashika nyundo tena katika nchi yangu."

Khelefu akasema, "Bwana wangu, Mungu akuzidishie umri, kina haraka gani chombo cha poda?"

"Hilo usiulize."

"Na huo mkono wa pili wa mwenye kujipaka uko wapi?"

"Na hilo usiulize."

Akatoka kichwa kinamzunguka, maana alikuwa amefua vikuku na mikufu na vijaluba vya tambuu, lakini hakuwahi kuona mtu akatishiwa riziki yake kwa ajili ya poda.

Siku ya kwanza akafua kijaluba cha fedha, kiduara kama andazi dogo, akakitia mfuniko wenye bawaba. Alasiri akaja mwanamke mmoja, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Na masonara wa Kasbarani wana desturi moja: mwanamke akiketi kigodani, fundi hatazami uso, hutazama kidole, akakizungushia uzi, akapiga fundo kwenye shina na fundo kwenye kiungo, akautundika uzi msumarini hata kama mteja hakuagiza pete. Ni adabu, na mikono ya Khelefu iliifanya yenyewe. Alipokwisha kupima akainua macho mara moja, akaona uso asioujua.

"Fundi," akasema mwanamke, "mimi ni Jauhara binti Sultani, na chombo hicho ni changu. Hebu kifungue kwa mkono mmoja."

Khelefu akacheka, lakini akafungua. Mfuniko ulikuwa umekaza, ukaachia kwa ghafla, na poda yote ikaruka ikamtua kwenye kilemba, kwenye nyusi na ndani ya kahawa.

"Umeona?" akasema mwanamke, akaondoka.

Siku ya pili akafanya tundu ndogondogo juu ya kijaluba ili poda ichujike. Akaja mwanamke mwingine, naye vilevile hamjui, akaketi, akapimwa kidole, akasema, "Mimi ni Jauhara binti Sultani."

"Bibi, na jana alikuja mmoja akasema hivyohivyo."

"Ni mimi."

"Yule alikuwa mwingine."

"Alikuwaje?"

Khelefu hakukumbuka alikuwaje. Mwanamke akakishika kijaluba kwa kiganja chenye jasho, akakitikisa, na tundu zote zikaziba kwa donge la poda. "Nitakuwa natembea juani," akasema, akaenda zake.

Na siku ya tatu akaja mwingine, na ya nne mwingine, na ya tano mwingine, kila mmoja akidai ni binti Sultani na kila mmoja akijua kosa la chombo cha jana, hata Khelefu akaamini kuna maradhi yameingia mjini yanayowapata wanawake peke yao. Akamwuliza muuza kahawa, "Wewe nawe wanakuja kwako wanaosema ni Jauhara?" Muuza kahawa akamtazama kwa huruma, akamwongezea tangawizi.

Hata hivyo aliwasikiliza, kwa kuwa walisema kweli. Akakifanya kijaluba cha ghorofa mbili, poda chini, na juu yake kichungio cha fedha chenye kibati cha kuzungusha ili tundu zifumbwe jasho lisiingie, na juu ya kichungio kitambi, yaani kifuto kidogo cha pamba kilichovikwa hariri, kinachojipaka poda ya uso mmoja tu kila kibati kinapozungushwa. Akatia kamani ndogo ya waya uliojikunja, ukibonyeza kitufe kwa gumba mfuniko unainuka taratibu kama jicho la mtu anayeamka. Na siku ya sita akatia kioo ndani ya mfuniko, akajiona kaufikia mwisho wa ufundi.

Akaja mwanamke wa sita, akabonyeza, akatazama kiooni, akapiga ukelele. "Nani huyu?"

"Ni wewe, bibi."

"Simjui!" akasema. "Fundi, simjui huyu. Sijawahi kumjua. Mfunike, nakuomba."

Khelefu akamwonea uchungu asioweza kuueleza, akakivika kioo kitambaa cha hariri, na mwanamke akalia kidogo, akajifuta, akaenda. Siku ya saba akaja wa saba, akakijaribu chombo mara kumi kwa mkono mmoja, akasema, "Sasa ni kizuri. Kimebaki cha kukishikia, kisiponyoke."

Khelefu akaazimu kukitundika kwa mkufu kwenye pete, na siku ya nane asubuhi akaenda msumarini kutafuta uzi wa yule wa mwisho. Nyuzi saba zilikuwa zimechanganyika. Akazilaza zote juu ya fuawe, mmoja kando ya mwenziwe, akaona ajabu: shina sawa na shina, kiungo sawa na kiungo, na kila fundo la kiungo lilikaa mbali na shina kwa kadiri moja, kama kiungo cha mtu aliyewahi kuteguka kidole utotoni. Akazipima tena. Akatoka nje akanawa uso, akarudi, akazipima mara ya tatu.

"Wanawake saba," akasema peke yake, "wana kidole kimoja?"

Alasiri akaketi kumngoja, na alipoona kivuli kimeingia akainamisha macho kwa kusudi, akakishika kidole, akauzungusha uzi. Mafundo yakaangukia pale pale. Akasema bila kuinua kichwa, "Umekuja mara nane. Ni wewe siku zote. Wewe ndiwe Jauhara."

Mwanamke akasema, "Miaka ishirini, hakuna aliyenijua bila poda. Usinitazame, fundi. Ukinitazama utanipoteza." Akamweleza habari yote ya Samumi, naye akasikiliza macho yake yakiwa kwenye kile kidole, na huku akihisi furaha na hofu vimechanganyika hata asijue kipi ni kipi.

Ikafika siku ya kutajwa. Jauhara akatoka jumbani fimbo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia pete yenye mkufu na kijaluba mwishoni mwake. Lango la Kwanza upepo wa moto ukavuma, ukampukusa poda yote, na kabla watu hawajameza mate gumba likabonyeza, kibati kikazunguka, kitambi kikapita usoni, na umati ukapaza sauti, "Jauhara binti Mudhafari!" Na ikawa hivyo Lango la Pili na la Tatu na la Nne na la Tano na la Sita, upepo ukipukusa na kijaluba kikirudisha, hata poda ikabaki ya uso mmoja.

Lango la Saba Samumi akaja na ghadhabu zake zote. Vilemba vikaruka, majamvi yakapinduka, na vumbi lilipotua watu wakamwona mwanamke wasiyemjua ameshika fimbo ya ufalme.

"Nani huyu?" wakaulizana. "Binti Sultani yuko wapi?" Na Sultani mwenyewe, akiwa juu ya kiti chake, akasema kwa unyonge, "Nani huyo aliyechukua fimbo ya binti yangu?"

Khelefu akapenya umati, akapiga magoti, macho chini, akauzungusha uzi kwenye kidole. "Huyu ni Jauhara binti Mudhafari!" akalia. "Nampa jina lake mbele yenu!"

Kadhi akasema, "Sheria yataka lango lote limtaje. Wewe ni mtu mmoja, tena humtazami."

Jauhara akabonyeza kijaluba. Kitambini mlikuwa na poda ya mwisho, naye akainua mkono kujipaka, na akausikia upepo ukizunguka karibu na sikio lake, unamngoja amalize. Akajua jini ataipukusa na hii. Kisha akasikia jambo jingine, pumzi nzito ya mtu aliyesimama kwa muda mrefu asikaribishwe, naye aliijua pumzi ile kwa kuwa ilikuwa kama yake mwenyewe. Watu walimwona akisita, na Khelefu akanong'ona, "Jipake, bibi, jipake!"

Jauhara akakigeuza kitambi, akakipuliza kwenye upepo.

Poda ikatawanyika hewani, ikanata, na mbele ya Kasbarani yote ukatokea uso mweupe wa poda usiopata kuonwa na mtu, uso wa mzee mwenye pua kubwa na macho yaliyovimba kwa kungoja. Watu wakarudi nyuma. Jauhara hakurudi. Akainamisha kichwa kama mwenyeji, akasema, "Karibu, bwana. Tulikukosea mlangoni, nasi twakuomba radhi. Chakula kimepoa, lakini mahali pako papo."

Samumi akatazama huku na huku, kama asiyefahamu anayesemeshwa ni nani. "Waniona?" akauliza.

"Nakuona."

Na jini akalia, machozi yakachora michirizi katika poda, akasema, "Nimejulikana. Kiapo changu nakifungua." Upepo ukatulia, na watu wakamtazama yule mwanamke mwenye jasho na vumbi, asiye na chembe ya poda, wakapaza sauti hata ukuta ukavuma, "Jauhara! Jauhara binti Mudhafari!" Sultani akashuka kitini akikimbia, viatu vikimvuka, akamshika mashavu na kumtazama, akageuka, akarudi kumtazama tena, naye alikuwa yuleyule.

Jauhara akaking'oa kile kitambaa cha hariri mfunikoni. Akatazama kiooni muda mrefu, akajigusa pua. "Kumbe ndiye huyu," akasema.

Sultani akamwambia Khelefu, "Omba utakalo."

"Bwana wangu, nimechanganyikiwa kwa siku nane hata sijui niombe nini."

"Mimi najua," akasema Jauhara, akamnyooshea kidole chake. "Na pete haina haja ya kupimwa."

Khelefu akainua macho, akamtazama usoni, naye hakumsahau tena. Harusi ikawa ya siku saba, siku moja kila lango, na Sultani akampa shamba na nyumba na robo ya hazina, na mlangoni pakawekwa sinia la Samumi katika kila karamu. Wanawake wa Kasbarani wakaagiza vijaluba kama kile, vya ghorofa mbili na kamani na kioo, wakavichukua kila waendako, wapendao kujipaka wakajipaka.

Na mafunzo ya hekaya hii kwa aliyeisikia ni kwamba akipiga mtu hodi na usimwone, usifunge mlango kwanza. Ama kijaluba chenyewe, Sultana Jauhara hakukitia poda tena. Chini ya kichungio alizikunja nyuzi saba zenye urefu mmoja, na alipoulizwa za nini, alisema hizo ndizo siku alizojulikana na mtu asiyejua kwamba anamjua.