Mate ya Baba Holo

Paukwa!
— Pakawa!
Mpo, au nazungumza na kuta?
— Tupo, tena tumekaa kitako!

Hapo kale alikuwapo baba mmoja, Lubasha. Alikuwa na mke, Minza, na binti yake wa kwanza, Holo. Halafu alikuwa na kiko. Asubuhi kiko, mchana kiko, jioni kiko. Kwanza ulimi ukaanza kumwasha. Kisha midomo ikapasuka. Mwisho mate yakakauka kabisa, hata ugali ukawa unamkwama kooni.

"Baba Holo, kiko hicho kitakuumbua," mkewe akasema. Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kuolewa Holo ikafika. Na kwao, jamani, binti hatoki nyumbani mpaka baba amtemee viganjani mate ya baraka. Baba asipotema, basi hajaridhia, na wakwe hurudi zao mikono mitupu.

Holo akapiga magoti, akafungua viganja. Lubasha akatema. Phu! Hakuna kitu. Akatema tena. Phu! Upepo. Akakusanya nguvu zote. Phu! Upepo mtupu!

Wakwe wakaanza kunong'onezana. "Mzee huyu hajaridhia."

Holo akainua macho. "Baba, nimekukosea nini?"

Uchungu ukamshika Lubasha. Mwana anampenda, mkwe anamtaka, lakini tone moja la mate limemshinda! Akaomba maji, akasukutua, akatema. Bibi mmoja wa upande wa wakwe akang'aka:

"Hayo ni ya kisimani! Sisi tunataka ya baba."

Wakaanza kuinuka. Hapo Minza akatoka jikoni na ukwaju mbichi na chumvi. Mnajua nyie, mama mkwe hali mbele ya wakwe, ni aibu kubwa. Minza akaketi papo hapo, uso kwa uso na mumewe. Akaumenya. Akauchovya kwenye chumvi. Akauuma. Kwachu! Akakunja uso, akafumba jicho moja, akanyonya vidole.

"Toba! Mama mkwe anakula mbele yetu!"

Minza hana habari nao. Kwachu! Akachovya tena. Kwachu! Na wewe pale, mbona unameza mate? Tulia, leo huozeshi.

Lubasha taya zikamsisimka. Likaja tone. Likaja la pili. Kinywa kikajaa, lo! Akainama upesi asije akayameza. Phuu! Viganja vya Holo vikalowa.

"Nenda, mwanangu. Uzae, ulee, upendwe."

Vigelegele! Holo akajipaka baraka zake kifuani, analia na kucheka.

Lubasha akamgeukia mkewe mbele ya watu wote. "Mama Holo, umejivunjia heshima ili mwanangu aolewe. Asante. Mwenyewe nisingeweza. Asante sana, mke wangu."

"Asante nimeipokea," Minza akasema, anafuta chumvi kidoleni. "Lakini Holo ana wadogo zake wawili wa kike, na ukwaju una msimu wake."

Watu wakaangua kicheko. Lubasha naye akacheka, kisha akaenda mwenyewe, bila kusukumwa, akakitia kiko motoni.

Ngano nimeitua hapa. Ikiwakolea, nendeni nayo kwenu. Ikiwachachia, nirudishieni mwenyewe.
— Tumekwenda nayo!