Kaseti Zilizorudishwa Dukani

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, zamani ya kaseti tu, Tanga palikuwa na bendi ikiitwa Nyaya Tatu. Kaeni nyinyi, mimi nasimama, kisa hiki hakinikalishi. Walikuwa watatu: Kibwana mpiga kinanda cha umeme, Mwantumu mwimbaji, na Mhando fundi mitambo. Wimbo wao "Shemeji Karibu" ulipigwa kila harusi, miaka minne mfululizo.

Kibwana akachoka. "Nikiupiga tena nitatapika," akasema. Akaenda kiwanda cha mkonge, akarekodi ngurumo ya mashine, akarudi nayo. "Albamu nzima iwe hivi. Bila kiitikio."

Mwantumu akaruka. "Kaka Kibwana, una wazimu? Nani atacheza hiyo?" Akakataa. Akabembelezwa. Akaimba, kanuna.

Siku ya kurekodi kinanda kikaingia maji ya mvua. Mhando akakifungua, akakifunga, waya mmoja akaurudishia pasipo pake. Kinanda kikalia kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio.

"Ngoja nirekebishe," akasema Mhando.

"Ukigusa tutagombana! Sauti ninayoitaka ndiyo hiyo!" Kibwana akamshika mkono.

Kaseti zikatoka. Lo! Watu wakazirudisha dukani: "Mkanda huu mbovu, nipe mzima." Wakapewa mwingine, ukalia vilevile. Harusini wageni wakakaa chini, na mama wa bibi harusi akachomoa waya wa spika mwenyewe.

Aibu ikamshinda Kibwana. Akaenda redioni: "Ndugu wasikilizaji, tulikosea. Ile albamu itupeni." Akajiunga na bendi nyingine, akarudia "Shemeji Karibu". Mhando akarudi kutengeneza redio za watu. Mwantumu, yeye aliyeichukia, ndiye aliyebaki nayo. Akawa anaiweka kaseti na kuimba juu yake peke yake, ukumbi karibu mtupu, akizomewa na wachache waliokuja. Mumewe akamwambia, "Chagua, mimi au makelele hayo." Akachagua makelele. Inauma, jamani.

Mwaka wa tatu ikaja barua ya tamasha kubwa ng'ambo: "Tumeisikia sauti ile ya ajabu. Aje aliyeileta duniani. Nafasi ni moja."

Wakakutana. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake nafasi.

Kibwana akasema, "Wazo langu. Bila mimi mngekuwa harusini mpaka leo. Niliikana, ndiyo. Nani hajawahi kuogopa?"

Mhando akasema, "Wamesifu sauti. Sauti ile ilitoka mkononi mwangu."

"Kwa makosa!" akadakia Kibwana.

"Kwa makosa, sawa. Mkono wa nani?"

Mwantumu akasema, "Mliizaa mkaitupa. Nimeilea mimi."

"Dada, wewe hukutaka hata kuiimba!" akasema Kibwana.

"Sikutaka. Na nyumba yangu imevunjika kwa ajili yake. Nyinyi mmepoteza nini?"

 Fomu iliyokuja na barua ina mstari mmoja wa jina, na posta inafungwa saa kumi. Msinitazame mimi, nimeshabadili mawazo mara tatu tangu nianze kusimulia. Haya, semeni nyinyi: liandikwe jina la nani?