Mvule wa Njia Panda na Simu Sita za Madamu Sechonge

Ashikaye njia kwa mti, mti ukikatwa hupotea.

Jana mmemsikia shangazi yenu Mwantumu akimwambia Hoza maneno hayo, na Hoza akanuna kama aliyetukanwa. Hakutukanwa. Kaeni vizuri, na wewe Hoza hebu iweke hiyo simu chini kwanza, maana maneno hayo yalizaliwa kwa sababu ya simu, na shangazi yenu alikuwepo yalipozaliwa. Chanzo chake ni hiki.

Siku hizo Mwantumu alikuwa kidato cha pili katika shule yetu hii ya kata, hapa hapa Kwemlasha. Alikuwa hodari wa masomo yote isipokuwa Kiingereza. Si kwamba hakukipenda. Siku moja alisimama kujibu swali, akakosea, darasa zima likaangua kicheko, na tangu hapo ulimi wake ukafunga. Mwalimu akiuliza, yeye anainama kufunga kamba za viatu. Mwaka mzima anafunga kamba za viatu!

Ndipo akaja Madamu Sechonge, mwalimu kijana, na kopo la biskuti. Ndani ya kopo hamkuwa na biskuti, bali simu sita kuukuu alizochangiwa na rafiki zake. Kila simu ilikuwa na mchezo wa mtu mdogo anayepanda mlima. Inatokea sentensi ya Kiingereza yenye pengo, na chini yake vitufe vitatu, chekundu, cha njano na cha kijani, kila kimoja na neno lake. Ukichagua neno sahihi, yule mtu anapanda hatua moja. Ukikosea anaporomoka hadi chini, puu! Kisha anajipangusa vumbi na kukupungia mkono mwanze upya.

Mwantumu alipomwona akijipangusa vumbi, moyo wake ulifurahi sana. Kumbe mtu anaweza kuanguka namna ile na asizomewe! Siku hiyo alijaribu mara kumi na moja na akaanguka mara kumi na moja, na hakufunga kamba ya kiatu hata mara moja.

Sasa mkuu wa shule, Bwana Mpangala, hakuzipenda simu zile. Alisema waziwazi, "Madamu, mimi naona watoto wanacheza tu. Siku ya wazazi waonyeshe walichojifunza. Wakishindwa, kopo lako linaingia kabatini kwangu, na ufunguo utakaa mfukoni mwangu." Mwantumu aliposikia hayo, usingizi ulimpaa. Kopo likifungiwa, yeye anarudi kwenye kamba za viatu.

Darasani mlikuwa na kijana mmoja, Shemweta, mjanja kama sungura. Yeye ndiye aliyegundua kwamba maswali ya mchezo yanakuja kwa mpangilio ule ule kila siku. Akayatungia wimbo. Wakienda kupalilia kabichi za shule, majembe yanapanda na kushuka, wao wanaimba, "Njano, njano, kijani! Nyekundu, njano, kijani!" Haikupita wiki mbili, darasa zima likawa linafika kileleni kwa kufumba na kufumbua. Madamu Sechonge alifurahi karibu alie, maskini. Hakujua.

Mwantumu peke yake ndiye aliyebakia hatua ya saba. Kila alipoanguka aliiandika ile sentensi kwenye daftari lake, kisha akamfuata Madamu kuuliza kwa nini amekosea. Wenzake wakambandika jina la Konokono.

"Wewe Konokono, imba kama wenzako," Shemweta alimwambia.

"Lakini ile sentensi ya kwanza inasema nini?"

"Inasema njano!"

Wakacheka mpaka majembe yakawatoka mikononi.

Siku moja kabla ya wazazi kuja, Madamu alipanda mjini ambako mtandao unashika vizuri, akaziwekea zile simu toleo jipya la mchezo ili upendeze machoni pa wageni. Nia yake njema kabisa. Ila toleo jipya lilikuja na maswali yaliyochanganywa, na vitufe vikahamishwa mahali pake.

Siku yenyewe ikafika. Wazazi tulijaa ukumbini, na mchezo ukarushwa ukutani kwa projekta ya kuazima, mlima mzima tukauona. Shemweta akaitwa mbele, shati limepigwa pasi, kifua mbele. Akabonyeza njano bila hata kutazama. Puu! Mtu akaporomoka. Akabonyeza tena njano, kwa nguvu zaidi, kana kwamba simu haikusikia. Puu! Wenzake nyuma wakaanza kumsaidia kwa kunong'ona, "Njano, njano, kijani," mnong'ono ukawa wimbo, na yule mtu wa ukutani akawa anaanguka tu kama embe bovu. Akaja wa pili, akaanguka. Wa tatu naye. Wazazi wakaanza kucheka, na Madamu Sechonge akawa ameshika shavu. Bwana Mpangala akainuka, akanyoosha mkono kulichukua kopo.

"Mkuu, samahani, naomba nijaribu."

Alikuwa Mwantumu. Darasa likanong'ona, "Konokono!" Yeye akaishika simu, akaisoma sentensi polepole kwa sauti, akafikiri, akabonyeza. Mtu akapanda. Akasoma nyingine, mtu akapanda. Hatua ya tano akaanguka, puu, na ukumbi ukaguna, "Aaah!" Mwantumu hakuinama. Akasema, "Hapa nimekosea. Jambo lilikwisha jana, mimi nimelisema kama linafanyika leo." Akaanza upya. Tano, sita, saba, na ya nane ambayo hajapata kuifikia! Akina mama tukapiga vigelegele kana kwamba tumeletewa mwali.

"Subiri," akasema Bwana Mpangala. "Mwenye kufika kileleni kila siku kaanguka chini, na huyu wa nyuma kapanda. Kuna nini hapa?"

Shemweta, uso chini, akaungama habari ya wimbo. Hapo ndipo babu yenu, mzee Shekimweri, akacheka peke yake kwa sauti kubwa. Nilimfinya, hakukoma. Akasimama.

"Mkuu, usiwagombeze. Hata mimi yamenikuta. Nilipokuwa nachumbia, nilijua njia ya ukweni kwa alama moja tu, mvule mkubwa pale njia panda. Ukifika mvuleni, kata kushoto. Siku hiyo nina mkungu wa ndizi kichwani, ukungu umetanda, natafuta mvule siuoni. Kumbe umekatwa mbao! Nikakata kushoto mbele ya safari, nikaingia nyumba ya watu. Na mnajua adabu ya mkwe, humtazami mama mkwe usoni. Nikatua ndizi macho chini, nikaamkia macho chini, nikanywa uji macho chini, nikaaga nikaondoka. Wenyewe walinishukuru sana!"

Watu walicheka hadi machozi. Mimi sikucheka, maana ndizi zile zilikuwa za mama yangu, naye alishinda kutwa mlangoni akimngoja mkwe. Mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Babu yenu akamaliza, "Wanetu hawa hawakujifunza njia, walijifunza mti. Na ashikaye njia kwa mti, mti ukikatwa hupotea. Huyu aliyepanda polepole aliitazama njia yenyewe. Kosa si la simu, mkuu."

Bwana Mpangala akatoa ufunguo wa kabati mfukoni. Mwantumu akajua kopo limekwenda. Lakini mkuu akamkabidhi yeye ule ufunguo, akasema, "Kopo lilale kabatini jioni tu, vumbi lisiingie. Asubuhi utalifungua wewe. Na ule wimbo uishie kwenye kabichi."

Kesho yake asubuhi, Mwantumu alipokuwa anafungua kopo, Shemweta alikuja taratibu, daftari jipya kwapani, akakaa kando yake.

"Konokono... samahani, Mwantumu. Ile sentensi ya kwanza, inasema nini?"

Mwantumu hakucheka. Alisogea, akampa nafasi, wakaanza hatua ya kwanza.

Basi maneno ya babu yenu yakatoka ukumbini, yakafika sokoni, na sasa hata wasiomjua wanayasema. Na wewe Hoza, jana ulikuwa unajigamba kwamba umekariri majibu ya mitihani ya miaka mitano iliyopita, A, C, B, D, kama wimbo. Sawa, mwanangu. Ila ashikaye njia kwa mti, mti ukikatwa hupotea. Haya, chukua simu yako. Lete na daftari.