Hodi Tatu za Harusi ya Sikudhani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini maana wajukuu wa watu hawa bado wapo na wana midomo, palikuwa na mfinyanzi mmoja mjane jina lake Mwanamvua. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikudhani.

Mwanamvua alimpenda mtoto wake kupita kiasi. Nasema kupita kiasi, na tabu yenyewe ndiyo hiyo. Asubuhi alimwita "roho yangu," akamlisha kwa mkono wake. Mtoto akienda kisimani, akikawia kidogo tu, anarudi anamkuta mama amevimba: "Umeniacha! Unanichukia kama wenzako! Nyoka we!" Chungu kinapigwa chini, paa! Jioni mama analia, anaomba radhi, mpaka mtoto ndiye anayembembeleza. Kesho tena roho yangu. Kesho kutwa tena nyoka.

Na si mtoto peke yake. Jirani akimpa chumvi, ni malaika. Jirani huyo huyo akipita bila salamu, ni mchawi. Mtu wa kati na kati, kwa Mwanamvua, hakuwapo.

Wengine wakasema ana pepo. Wengine wakasema ana roho mbaya. Upuuzi mtupu! Mwenye roho mbaya halii vile.

Siku moja Sikudhani, umri wake miaka minane, alikwenda kucheza kwa shangazi yake Hidaya, akachelewa. Mama akavunja vyungu vya wiki nzima, akafunga mlango kwa komeo. Mvua ikashuka. Mtoto nje analia, "Mama, nimerudi!" Mama ndani analia, "Hujarudi, wewe umeshakwenda!" Hidaya akaja akamkuta mtoto anatetemeka, akambeba mgongoni.

"Huyu harudi tena hapa," akasema. Na hakurudi.

Hidaya alimlea vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Alimuuguza homa ya mvua ile, akampa uji, akamfundisha kusuka ukili wa mikeka, na sauti hakumpandishia hata siku moja. Lakini kila Alhamisi Mwanamvua alifinyanga kitungi kidogo, cha kujaa kiganjani, akawapa watu wa gulioni: "Mpelekeeni mwanangu. Mwambieni namsalimu." Hidaya alivipokea vyote, akavitia maji ya vifaranga. Mtoto akiuliza, "Shangazi, mama haniulizi?" anajibiwa, "Kula, mwanangu, uji unapoa."

Sasa, alikuwapo Tausi, mfinyanzi mwenzake Mwanamvua, wakichoma vyungu pamoja. Huyu hakujaliwa mtoto. Watu walipomcheka kwa kukaa na kichaa, aliwajibu hivi:

"Udongo mtupu ukiutia motoni unapasuka. Sisi tunauchanganya na vigae vilivyotwangwa, ndipo ustahimili. Mwanamvua huyu, mama yake mzazi alimwacha gulioni akiwa na miaka minne, akazungushwa nyumba tano. Nani alimchanganyia? Kila mtu akiondoka, yeye anamwona mama yule yule anaondoka."

Kwa hiyo Tausi akawa na mwendo wake. "Mwanamvua, nakwenda mtoni, narudi." Anakwenda, anarudi. Akitukanwa, hatukani. "Matusi hayo sitayasikiliza. Naondoka. Kesho asubuhi nipo." Na kesho asubuhi yupo. Alipigwa mwiko, kovu likabaki juu ya jicho. Kesho asubuhi yupo. Miaka kumi na mmoja! Akamfundisha kwamba moyo ukichemka, atie mikono kwenye udongo mbichi, kisha aseme kilichomo hasa. Asiseme "unanichukia." Aseme "nimeogopa."

Mwanamvua akatulia pole pole, kwa kuanguka na kuinuka. Ila kila jioni alipakua wali sahani mbili, akakaa ameielekea njia ya kwa Hidaya. Wali wa pili ukapoa, akaufunika. Akaufunua, akatazama njia, akaufunika tena.

Na Tausi naye ana lake. Sikudhani alipofika miaka kumi na miwili, alitoroka akaja mpaka njia panda. Tausi akamkuta.

"Rudi, mwanangu. Leo si siku nzuri."

Akaja mara ya pili. "Leo si siku nzuri." Akaja mara ya tatu. "Leo si siku nzuri." Mara ya nne hakuja. Na Mwanamvua hakuambiwa kitu.

Msichana akakua, akaposwa. Katika kijiji kile, waoaji husimama nje wakapiga hodi tatu. Mwanamke mmoja tu ndani huitikia "Karibu!" Huyo ndiye mama wa bibi harusi mpaka kaburini: wajukuu wanapelekwa kwake, yeye huwapa majina. Hodi ya tatu ikipita bila jibu, waoaji hurudi kwao, na harusi hakuna.

Siku ikafika. Nyumba ya Hidaya imejaa wanawake. Akaingia Tausi, na nyuma yake Mwanamvua, ameoga, udongo bado kwenye kucha.

"Ficheni vyungu jamani!" akasema mmoja. Wakacheka.

"Hodi!" waoaji wakaita.

"Niacheni niitikie," Hidaya akasema. "Mimi nilimtoa mvuani. Bila mimi mngemzika."

"Bila mimi mama yake asingeweza kusimama hapa," akasema Tausi. "Kovu hili hapa. Na mimi sina mtoto, Hidaya. Naomba neno moja tu, maisha yangu yote."

Mwanamvua akasema, "Mimi nilimzaa, nikampoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Sisemi sikukosa. Nasema sikuacha kumtaka. Mwanangu, vitungi vyangu vilikufikia?"

"Vitungi gani, mama?"

Hidaya akainamisha uso. "Nilimwona anapona. Nilihofia atatamani kurudi."

"Hodi!"

Tausi akasema, "Basi na langu lisikike. Alikuja kwako mara tatu, Mwanamvua. Nilimrudisha njiani. Niliona bado hujawa tayari, naye bado mdogo."

Mwanamvua akageuka. Chungu cha maji kilikuwa karibu. Akakinyanyua juu kwa mikono miwili, maji yakamwagikia kichwani. Wanawake wakarudi nyuma.

"Nimeogopa," akasema. "Nimeogopa! Alikuja, na mimi nilikuwa nimekaa naangalia njia!"

Akakiweka chini. Kizima.

Sikudhani akajifunua ushungi. "Mama, nilikutamani kila siku, na kila siku nilikuogopa. Hata sasa. Shangazi, ulinipa kila kitu ukaninyima salamu. Mama Tausi, ulinitengenezea mama, ukanifungia njia ya kwake. Mimi nimechoka kuchagua. Semeni nyinyi."

"Hodi!" Ya tatu hiyo.

Midomo mitatu imefunguka, na nje waoaji wameshaanza kugeuza miguu. Msinitazame mimi. Kwa habari hii nimegombana na nusu ya ukoo, na mke wangu hajaniandalia chai tangu jana. Aliyemzaa akamuumiza bila kutaka, aliyemwokoa akamficha, au aliyemponya mama akamrudisha mtoto njiani?

Je, nani alistahili kusema "Karibu"?