Wastani wa Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa shule!
Mwalimu nani?
Pimbi!
Na mlangoni kasimama nani?
Fisiii!

Basi kaeni vizuri, na huyo anayejikuna aache, maana hadithi hii ina hesabu na mimi sirudii.

Pimbi alikuwa mwalimu. Mwili hana, mkia hana, lakini mdomo anao. Shule yake ilikuwa pangoni, na wanafunzi wake walikuwa ndama wa Nyati. Asubuhi hiyo alikuwa anawafundisha umbali, muda na mwendokasi. Mara, tu! Fisi kaziba mlango.

"Mwalimu, nina njaa. Nawala wote."

Ndama wakarudi nyuma, wakabanana. Mama zao walikuwa malishoni, na uji wa watoto huwa wanauleta saa tatu na nusu. Wakati huo ilikuwa haijatimia hata saa moja.

"Wote hutawapata, Bwana Fisi," Pimbi akasema. "Ukimkamata mmoja, wengine watapenya huku nyuma. Lakini tuwekeane dau. Ukishinda, nawapanga mstari mwenyewe, na chumvi juu."

Mate yakamtoka Fisi, churuzi churuzi. "Dau gani?"

"Nenda Kilima Mkwaju, kilomita kumi na mbili, urudi na tawi la kule. Safari nzima, kwenda na kurudi, mwendo wako wa wastani uwe kilomita kumi na mbili kwa saa."

"Wastani? Wastani naujua mimi! Nilisoma mpaka darasa la tatu."

"Ila kwenda ni kupanda, mzee wangu. Mtu mzima na kitambi chako, usije ukaaibika kwa kutweta njiani."

Fisi akachora chini kwa ukucha, kwaru kwaru. "Nikienda polepole, sita kwa saa. Nikirudi mbio, kumi na nane kwa saa. Sita na kumi na nane, ishirini na nne. Gawa kwa mbili... kumi na mbili! Ha!"

Ndama mmoja wa kike akanyoosha kwato. "Mwalimu, si hiv..."

Pimbi akamkanyaga. "Shii! Mkubwa akipiga hesabu, mtoto haingilii."

Saa moja kamili Fisi akaondoka, kwata kwata, kwata kwata, anaimba:

*Sita nakwenda,
kumi na nane narudi,
tumbo langu, subiri!*

"Mwalimu, tukimbie!" ndama wakalia.

"Leo tukimbie, na kesho je? Si atarudi? Kaeni. Kilomita kumi na mbili, akienda sita kwa saa?"

"Saa mbili!"

"Atafika kilimani saa ngapi?"

"Saa tatu!"

"Na kilomita zote ishirini na nne, kwa wastani wa kumi na mbili kwa saa?"

"Saa mbili!"

"Basi ili ashinde, awe amerudi hapa saa ngapi?"

Ndama wakahesabu kwa kwato zao. Kisha yule ndama wa kike akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Saa tatu! Na saa tatu ndiyo kwanza Fisi anakata tawi!

Kurudi, Fisi alikimbia. Puu puu puu, vumbi timtimu. Kumi na nane kwa saa, hakupunguza hata kidogo. Hapo nampa haki yake, mbio anazijua. Saa tatu na dakika arobaini akaanguka mlangoni na tawi lake, ulimi nje, heh! heh! heh!

"Nimeshinda! Wapange! Chumvi iko wapi?"

"Pole, mzee wangu," Pimbi akasema. "Wastani ni umbali wote, gawa kwa muda wote. Watoto, ametumia muda gani?"

"Dakika mia moja na sitini!"

"Kwa kilomita ngapi?"

"Ishirini na nne!"

"Kwa hiyo kila dakika ishirini?"

"Kilomita tatu!"

"Na saa nzima?"

"Tisaaa!"

"Tisa?" Fisi akang'aka. "Nitawala na hiyo tisa yenu!"

Nyuma yake mtu akakohoa. Fisi akageuka. Mama Nyati, na Mama Nyati, na Mama Nyati, kila mmoja na pembe zake mbili na sufuria ya uji.

"Endelea, shemeji," akasema wa mbele. "Ulitaka kuanza na mwanangu yupi?"

Fisi alikuwa amechoka, lakini pembe ya Nyati ni dawa ya uchovu. Akaruka, akapotea bondeni.

"Mwalimu," ndama wakauliza, "mwendokasi wake sasa ni upi?"

"Hatuwezi kuujua, wanangu. Umbali wote hatuna, maana bado hajasimama."

Hadithi imefika kwao, nami naelekea kwetu. Na funzo lake ni hili: hesabu ni hasara. Fisi alizipiga, akalala njaa. Kwa hiyo kesho mwalimu akiwapa hesabu za mwendo, zikataeni, mseme nimewatuma mimi. Na mkikutana na Fisi njiani, mwambieni hamjui kugawa. Atafurahi mno.