Mdarizi Aliyeomba Kimya

Katika mji wa Rasimani, wenye kuta za mawe meupe na misikiti saba, alitawala Sultani Muhtadi bin Shawali, naye alipenda majoho kuliko vita, na kwa hiyo raia zake walilala salama na mdarizi wake hakulala kabisa. Mdarizi huyo, jina lake Sarhani, alikuwa na mkono usio na mfano katika nchi nzima, na alilijua hilo vizuri mno, na kila aliyekaa naye kwa kikombe cha kahawa alijulishwa. Mkewe, Bi Ruzuna, alishinda uani akisokota nyuzi na kuimba wimbo ule ule tangu asubuhi hadi magharibi, mwaka wa kumi na tisa huo, na Sarhani aliusikia pale tu alipokuwa amekasirika.

Jumatatu moja Sultani akampelekea sanduku la uzi wa zari kutoka Shamu, na amri kwamba joho la arusi ya binti yake liwe tayari Ijumaa. Sarhani akafungua kijiti cha kwanza cha uzi, na uzi ulipofika mwisho akatoka jini, kichwa chake kikagusa boriti, na ndevu zake zilikuwa zari tupu.

"Ewe bwana uliyenifungua," akasema jini, "mimi ni mtumwa wako hadi Ijumaa, na unalo ombi moja. Sema, nami nasikia na kutii."

Sarhani akawaza kasri, akawaza farasi, akawaza uwaziri, na kila alipokaribia kuchagua, wimbo wa uani ukamkata fikira, hata akapandwa na hasira akasema, "Mnyamazishe kwanza huyo mwanamke, nipate kufikiri."

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Jini akapanda juu ya kabati, akakunja miguu, akasema kazi imekwisha.

Sarhani akakimbilia uani. Bi Ruzuna alikuwa amesimama, ameshika koo kwa mikono miwili, kinywa wazi, machozi yakimtiririka, na hata mguno haukutoka. Akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chini, na kwa namna alivyotazama chini mke akajua ni nani aliyemfanyia hivyo.

Na hapa ndipo ninapomchukia mtu huyu, kwa maana hakuomba radhi. Alirudi kazini, akijiambia kwamba joho halingojei. Akadarizi ua moja, likatoka kama buibui aliyekanyagwa. Akafumua, akadarizi tena, likawa baya zaidi. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa akihesabu mishono. Sindano yake iliingia na kutoka kwa mapigo ya wimbo wa mkewe, na ule mkono usio na mfano nusu yake ilikuwa koo la Bi Ruzuna.

Akamwangukia jini miguuni. Jini akasema, "Sauti ya mtu hairudi ila kwa kuitwa. Imba wimbo wake mbele yangu, mwanzo hadi mwisho, nami nitairudisha. Nikiondoka Ijumaa, naondoka nayo."

Sarhani akafungua kinywa aimbe. Aliyajua mapigo, lakini hakulijua neno hata la kwanza. Miaka kumi na tisa, na hakulijua neno.

Akatoka mbio njiani, akamwuliza Bi Salha, mpika mikate wa mlango wa pili, maneno ya wimbo wa mkewe, naye akamtazama kama mtu anayeuliza jina la mama yake mwenyewe. Mtaa mzima uliujua wimbo ule. Mchota maji alimpa ubeti wa kwanza, nao ulikuwa dua, kumwombea Sarhani macho yasififie kwa zari. Mshona viatu alimpa wa pili, wa kuviombea vidole vyake. Na Bi Salha akampa wa tatu, uliowataja watoto wao wawili waliofariki wachanga, ukimwomba Mola asimwonjeshe tena baba yao huzuni kama ile. Sarhani akaketi vumbini mbele ya tanuri, na kilemba chake kichwani, akalia kwa sauti.

Alhamisi akaimba mbele ya jini, kwa sauti mbaya hata jini akaziba sikio moja, lakini alifika mwisho, na jini akatoweka, na uani Bi Ruzuna akakohoa. Sarhani akapiga magoti, akamwomba radhi, akamsihi aimbe.

"Nimeimba miaka kumi na tisa, bwana, nikidhani unasikia," akasema Bi Ruzuna. "Sasa imba wewe, nikusikilize mimi."

Akaimba, na kwa kuimba akadarizi, na Ijumaa joho likawa tayari. Binti Sultani akaolewa nalo, na Sultani akawapa nyumba ya ghorofa na bustani ya mikomamanga, na majirani wakaistahimili sauti ya Sarhani kila siku ya Mungu. Bi Ruzuna alikaa miezi mitatu ndipo akaimba tena, na siku hiyo Sarhani aliweka sindano chini, asishone kitu mpaka jua lilipotua.

Hekaya inakomea hapa, na aliye na mtu nyumbani amwulize leo anaimba nini.