Kitone Kando ya Nyota

Wahenga walinena kuwa ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Hawakusema kwamba ukweli hujitokeza wenyewe pasipo kutafutwa, wala hawakusema kwamba ukijitokeza hauumi. Uongo ni kama mgeni asiyealikwa harusini: maadamu taa ni hafifu atakaa na kula pamoja na wenyeji, lakini taa ikikolea huutafuta mlango mwenyewe bila kusukumwa. Immakulata, bintiye mzee Felisiani mpiga picha, aliyajua hayo mwaka 1998 mjini Kibondo, na aliyajua kwa gharama.

Immakulata alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kwenda ng'ambo kusoma. Alisomea nyota. Majirani walipouliza nyota zinasomewa nini, mzee Felisiani aliwajibu kwa maringo, "Anatafuta dunia nyingine, hii imetushinda." Kazi yenyewe haikuwa mzaha. Sayari inayozunguka nyota ya mbali ina mwanga hafifu mno, na nyota yake inang'aa kupita kiasi. Kuitafuta ni sawa na kumtafuta kimulimuli kando ya taa ya lori. Ndiyo maana wataalamu huipiga picha nyota kwa darubini, kisha huuondoa mng'aro wake kwa hesabu, wakitumaini kwamba kitakachosalia ni sayari.

Njia za kuuondoa mng'aro ni nyingi, na kila moja ina watetezi wake. Immakulata alikuwa ametumia iliyo nyepesi: alichukua picha ya nyota nyingine inayofanana na yake, iliyopigwa na watu wengine kwa kamera yao, akaitoa katika picha yake. Kikabaki kitone upande wa kushoto, cheupe, cha duara, kizuri kukitazama. Profesa wake alishangilia. Alimwahidi kwamba wakikitangaza mwezi uliofuata, nafasi ya kazi pale chuoni ingekuwa yake. Alichotakiwa kufanya ni kupiga simu kabla ya Ijumaa kuthibitisha.

Basi alikuja likizo na kitone chake, amekichapa kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, pamoja na picha zote alizokitoa. Siku ya pili alizitandaza mbele ya dirisha la studio. Mzee Felisiani alivaa miwani, akainama, akazitazama moja moja.

"Mlipiga picha ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Nyingi, Baba. Katikati ya kazi tuligeuza kamera kidogo, kisha tukaendelea. Mng'aro tuliuondoa kwa picha ya nyota nyingine, waliyoipiga wengine."

"Basi mbona mmeipunguza kwa nyota ya watu? Mbona hamkuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, za kabla ya kugeuza na za baada?"

Immakulata aliona uso unamchoma. Njia hiyo aliijua. Aliijaribu mara moja, harakaharaka, kitone kikafifia, naye akajiambia kwamba ni njia dhaifu.

"Njia ile hufifiza vitu, Baba."

"Oya, mwana wanje," mzee alimkatalia mwanawe kwa lugha ya nyumbani. "Kaa chini nikueleze jambo ambalo sijakueleza."

Immakulata akavuta kigoda, akaketi.

"Mwaka tisini na nne, wakimbizi walipofurika, nilipewa kazi ya kuwapiga picha watoto waliopotezana na wazazi wao. Picha zilibandikwa kambi hadi kambi. Mama mmoja wa kambi ya Mtendeli, Ndayikunda, alisema mwanawe ana alama nyeusi chini ya jicho la kushoto. Akaona picha ya mtoto aliyekuwa kambi moja huko Kasulu, umri uleule, alama palepale. Uso ulikuwa umekondeana kwa njaa, hakuna ambaye angeutambua. Karani akaniuliza, 'Mzee, hii alama ni ya mtoto au ya picha?' Nikaona amenidharau. Nikamwambia kamera yangu haisemi uongo."

Alifuta miwani kwa pindo la shati.

"Yule mama akaenda Kasulu, mwendo mrefu kwa miguu. Akaletewa mtoto. Shavu safi, halina hata kovu. Si wake. Alama ilikuwa uchafu ulioganda ndani ya kamera, mbele ya filamu. Nilipozitandaza picha zangu, kila mtoto alikuwa nayo palepale. Nilikuwa nazo zote sandukuni, Immakulata! Ningezilinganisha siku ileile ningejua. Sikutaka kujua."

"Naye alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Angenitukana ningepona."

Kisha akasimama. "Alama ya mtu humfuata mtu akigeuka. Alama ya kamera hukaa na kamera. Lete hizo picha."

Waliingia kwenye chumba cha giza adhuhuri ileile. Kutoka kwenye picha ya kabla ya kugeuza, mzee alitengeneza nakala iliyopinduliwa, peupe pakawa peusi na peusi pakawa peupe. Wakailaza juu ya picha ya baada ya kugeuza, pembe kwa pembe. Vilivyotoka kwenye kamera vingemezana. Kilichotoka mbinguni kingekuwa kimehama, nacho kingebaki. Wakatoka nazo hadi dirishani.

Mng'aro wote ulikuwa umegeuka kijivu. Pale kwenye kitone palikuwa kijivu pia. Immakulata alidai wajaribu jozi nyingine, kisha nyingine, na jozi ya nne akailaza mwenyewe. Hapakuwa na kitu.

"Nilikipenda, Baba," alisema, akalia kama aliyefiwa. Mzee hakumnyamazisha.

Alhamisi Immakulata alipanda basi hadi Kasulu, akapiga simu kutoka posta.

"Si sayari, Profesa. Ni kasoro ya vioo vya kamera yetu."

"Njia moja inakionyesha, nyingine haikionyeshi. Sisi tunafuata inayokionyesha."

"Tumechagua kabla ya kulinganisha."

"Basi jina lako halitakuwemo, na ile nafasi usiitegemee."

Akayaona mambo yote aliyoyahangaikia tangu shule ya msingi yakimponyoka. "Liondoeni," alisema, akakata simu.

Kitone kilitangazwa bila jina lake, na kazi akapewa mwingine. Immakulata alirudi kumalizia masomo kwenye meza ya pembeni. Wenzake wakipita walimwita mwoga, wengine mwenye wivu. Ilipita miezi minane. Wataalamu wa nchi nyingine walikitafuta kitone kile kwa darubini zao, wasikione. Kwenye mkutano mkuu wakamtaka Profesa azionyeshe picha zake za kabla na za baada ya kugeuza kamera. Akazionyesha. Nyota zote za pembeni zilikuwa zimehama, kitone hakikuhama. Kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya ukumbi uliojaa, akalifuta tangazo lake.

Immakulata, aliyeketi safu ya nyuma, hakupiga makofi. Alimwonea huruma, kwa kuwa alijua jinsi kitone kile kilivyopendeka. Nafasi yake hakurudishiwa. Lakini tangu siku ile, kila aliyedhani ameona sayari alikwenda kwanza kwenye ile meza ya pembeni, kabla hajathubutu kumwambia mtu mwingine. Hakika, ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga.